Vifaa Chakavu vya Kielektroniki vya Halmashauri: Jukumu Haliishii Getini

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi bila tatizo ziligeuka mzigo. Haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu hazikidhi masharti ya usalama ambayo toleo hilo linayadai, na afisa tehama hathubutu kuziacha kwenye mtandao wenye taarifa za walipa kodi. Hivyo ndivyo vifaa vingi vya ofisi za umma vinavyokufa siku hizi. Haviungui wala havivunjiki, ila programu zinaviacha nyuma. Vinapelekwa stoo kukutana na vilivyotangulia: monita za kichogo, printa, UPS (vifaa vya kushikilia umeme unapokatika) zenye betri zilizovimba, simu za mezani, mashine za fotokopi ambazo hakuna anayekumbuka zilinunuliwa lini.

Makala haya yanawahusu madiwani, maafisa ugavi, maafisa tehama na wakaguzi wa ndani, na pia mwananchi anayetaka kujua mali yake inaishia wapi. Halmashauri inapouza kifaa chakavu au kukigawa, inakuwa imekiondoa kwenye daftari la mali tu. Sumu na kumbukumbu zilizomo ndani yake bado ni mzigo wake mpaka iwe na hati inayoonyesha kila sehemu ya kifaa hicho imefika wapi.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyo na kumbukumbu za kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa mwendo huu zitafika tani milioni 82 ifikapo 2030. Zisizo na kumbukumbu zipo droo za watu, stoo za ofisi, madampo, na yadi za chuma chakavu ambako nyaya huchomwa moto ili shaba itoke.

Kinachofanya taka hizi ziwe tofauti na kabati bovu la mafaili ni vilivyomo. Kioo cha monita ya kichogo kina risasi, mara nyingi zaidi ya kilo moja katika monita moja. Skrini bapa za kizazi cha kwanza, zile za kabla ya taa za LED, zina mirija myembamba ya taa yenye zebaki nyuma ya kioo, na mirija hiyo huvunjika kirahisi sana skrini inaporushwa kwenye lori. Plastiki za maganda ya zamani zilichanganywa na kemikali za bromini ili zisishike moto. Waya wenye ganda la plastiki ya PVC ukichomwa katika moto wa wazi hutoa dayoksini, ambayo ni sumu kali. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa ubongo wao bado unakua.

Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia urejelezaji tuulize kama kifaa kimefika mwisho kweli. Kompyuta iliyoachwa na Windows mara nyingi inaweza kuwekewa mfumo endeshi huria kama Linux na ikatumika miaka mingine kwa kazi za kuandika na kusoma. Hilo ndilo chaguo bora kimazingira, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati na madini ya kompyuta hutumika kiwandani, kabla haijawashwa hata mara moja. Onyo langu ni moja tu hapa. Kuipa shule kompyuta 40 ambazo 30 kati yake haziwaki si msaada, ni kuhamisha dampo. Kifaa cha kugawa kijaribiwe, kisafishwe data, kiende na chaja yake, na anayepokea awe na haki ya kukataa.

Stoo yenyewe nayo ni sehemu ya kazi. Vifaa visinyeshewe wala kupigwa jua, visipangwe kwa kurundikwa, na monita zisimame wima bila kugongana. Hatari ya haraka zaidi ni betri za lithiamu. Simu, kompyuta mpakato na redio za upepo zinazokaa miaka bila kuguswa zinaweza kuvimba betri, na betri iliyovimba ikitobolewa au kukandamizwa huweza kuwaka kwa moto mgumu kuuzima, ambao hujiwasha tena baada ya kuonekana umekwisha. Betri zinazotoka kwa urahisi zitolewe, ncha zake zifunikwe kwa utepe wa plastiki, ziwekwe kwenye chombo kisicho cha chuma, na zilizovimba zikae peke yake ndani ya mchanga mkavu mbali na jengo la ofisi. Betri ya lithiamu isiingie kabisa kwenye gari la taka linaloshindilia.

Sasa tuje kwenye data, ambayo ndiyo huwaamsha viongozi hata pale mazingira yanaposhindwa kuwaamsha. Mwaka 2013 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ilitoza chombo kimoja cha huduma za afya cha eneo la Surrey faini ya pauni 200,000. Mtu alinunua kompyuta iliyotumika kwenye mnada wa mtandaoni, akakuta ndani yake taarifa za wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao watoto. Kilichotokea ni jambo ambalo ofisi nyingi za umma zinaweza kujikuta ndani yake. Kampuni ilijitolea kuharibu diski bure, kwa makubaliano kwamba mabaki yenye thamani yatakuwa yake. Hapakuwa na mkataba wa maandishi unaoeleza wajibu wa kampuni, wala mtu wa kuhakikisha kwamba diski zinaharibiwa. Anayebeba bure analipwa na kitu, na ni wajibu wa halmashauri kujua kitu hicho ni nini.

Kubonyeza kitufe cha kufuta hakuondoi data, na kufomati kwa haraka hakuiondoi pia. Kunaondoa tu orodha inayoonyesha faili lipo wapi. Kwa diski ya zamani inayozunguka, programu ya kuandika juu ya diski nzima inatosha, na ina faida ya kuiacha diski ikiwa na thamani ya kuuzwa. Diski za kisasa za SSD zina tabia nyingine: huficha maeneo ambayo programu ya kawaida haiyafikii, kwa hiyo hufutwa kwa amri maalumu iliyomo ndani ya diski yenyewe, au husagwa. Sumaku kali inayoharibu diski za kuzunguka haina athari yoyote kwa SSD. Wapo wanaopenda msumari na nyundo. Naelewa raha yake, lakini msumari unaweza kupita katikati ya SSD bila kugusa chipu yenye kumbukumbu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina mwongozo wenye ngazi tatu za kusafisha data kulingana na uzito wake, na hata nje ya Marekani unafaa kuigwa. Mashine ya fotokopi isisahaulike. Nyingi zina diski ndani inayoweza kutunza nakala za kila ukurasa uliopita pale: vyeti, kesi za ardhi, majina ya wagonjwa.

Baada ya hapo ndipo anatafutwa mrejelezaji, na hapa ndipo halmashauri nyingi hukosea, mara nyingi kwa kufuata kanuni za mnada neno kwa neno. Kanuni zinataka mali iuzwe kwa bei ya juu kabisa. Lakini rundo la stoo lina mali za aina mbili. Zipo zenye thamani, kama seva, bodi za saketi, simu na nyaya. Na zipo zinazogharimu fedha kuzishughulikia, yaani monita za kichogo, skrini zenye zebaki, plastiki zenye bromini. Mnunuzi akiruhusiwa kuchagua, atachukua nyama na kuwaachia mifupa. Akiuziwa vyote kwa bei ya juu bila masharti, njia yake ya kupata faida ni kutupa au kusafirisha kimyakimya vile vyenye gharama. Mzabuni anayetoa bei kubwa kuliko wote kwa rundo lililojaa monita za kichogo anapaswa kutiliwa shaka kabla ya kupongezwa.

Mfano wa Seattle, Marekani, unafundisha kuliko nadharia yoyote. Kampuni moja ya huko ilikuwa miongoni mwa zinazoheshimika zaidi katika urejelezaji, yenye wateja wa umma na ahadi ya hadharani ya kutosafirisha taka hatarishi kwenda nchi zinazoendelea. Shirika lisilo la kiserikali la Basel Action Network lilificha vifaa vya GPS ndani ya skrini na kufuatilia zinakoelekea. Baadhi zikaibukia Hong Kong, ambako wafanyakazi walikuwa wakizivunja bila kinga dhidi ya zebaki. Kampuni ilikuwa imesafirisha mamilioni ya ratili za skrini kwa miaka kadhaa huku ikighushi hati. Mwaka 2019 wamiliki wake wawili walihukumiwa kifungo cha miezi 28 kila mmoja.

Kwa hiyo cheti cha ubora cha mrejelezaji pekee hakitoshi, ingawa ni mahali pazuri pa kuanzia. Viwango vya R2 na e-Stewards vinajulikana kimataifa, na Ulaya ina mfululizo wa EN 50625. Juu ya cheti, mkataba udai mambo ambayo mrejelezaji mwadilifu hatayaona kuwa usumbufu. Kila kifaa kipokewe kwa namba yake ya kiwandani, na hati ya kuharibu data itaje namba hiyohiyo. Baada ya kazi, kuwe na mlinganyo wa uzito: tani ngapi ziliingia, na zilitoka kama chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, bodi kiasi gani, kioo kiasi gani, kila kimoja kimepelekwa kwa nani. Bodi za saketi, kwa mfano, huishia kwenye vinu vichache duniani vyenye uwezo wa kutenganisha dhahabu, fedha, paladi na shaba kwa usalama, kama cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, au Rönnskär nchini Uswidi. Mtu anayesema bodi anazimalizia mwenyewe kwenye yadi yake huenda anatumia tindikali kwenye ndoo. Halmashauri ijiwekee haki ya kutembelea eneo bila taarifa, na sehemu ya malipo ibaki mpaka hati za mwisho zifike.

Mzigo ukivuka mpaka, sheria ni kali zaidi. Mkataba wa kimataifa wa Basel wa mwaka 1989 ulikuwa ukidhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kutoka nchi moja hadi nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho yake yanazigusa taka zote za kielektroniki, hatarishi na zisizo hatarishi, kwa kutaka nchi inayopokea itoe idhini kabla mzigo haujaondoka. Afrika ina pia Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, unaopiga marufuku kuingiza taka hatarishi barani kutoka nje. Mrejelezaji akisema "tunauza nje", omba kuiona idhini hiyo.

Vifaa vya ofisi ni sehemu ndogo. Vingi viko majumbani, na serikali za mitaa ndizo zenye uwezo wa kuvifikia. Kati ya 2017 na 2019 Japani iliwaomba wananchi vifaa vyao vya zamani ili kutengenezea medali za Olimpiki za Tokyo, na manispaa nyingi za nchi zikaweka masanduku ya kukusanyia. Zilipatikana tani 78,985 za vifaa vidogo, zikiwemo simu zilizokusanywa na manispaa hizo, na kwa jumla dhahabu kilo 32 hivi, fedha kilo 3,500 na shaba nyeusi kilo 2,200. Watu walitoa kwa sababu sanduku lilikuwa karibu na walijua vitu vyao vinakwenda wapi. Siku moja ya ukusanyaji kwa mwaka, yenye picha nyingi za viongozi, haifikii hapo.

Halafu wapo waokota chuma chakavu, ambao katika miji mingi walikuwa wakikusanya taka hizi kabla halmashauri haijazifikiria. Kuwafukuza ni kosa. Eneo la Agbogbloshie jijini Accra, Ghana, lililojulikana kwa chuma chakavu na taka hizi, lilibomolewa Julai 2021, na shughuli zake zikatawanyika sehemu nyingine badala ya kwisha. Hawa watu ni hodari wa kukusanya na kufungua vifaa kwa mkono, kazi ambayo mashine huifanya vibaya zaidi. Kinachodhuru ni hatua mbili tatu: kuchoma nyaya, kuosha bodi kwa tindikali, kuvunja vioo. Halmashauri ikinunua nyaya zikiwa na maganda yake na bodi zikiwa nzima, kwa bei inayozidi ile wanayoipata kwa kuchoma, au ikiweka mashine ya kumenya nyaya mahali wanapofika, sababu ya kuchoma inapungua. Wakaguzi wenye virungu hawajawahi kuipunguza kwa kiasi hicho.

Nani alipe? Uswisi iliweka sheria ya kitaifa mwaka 1998 na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa mwongozo wa 2002: mzalishaji na muuzaji wagharamie mwisho wa bidhaa zao. Palipo na sheria ya namna hiyo, halmashauri isilipe mara mbili; iulize mfuko wa wazalishaji kabla ya kutangaza zabuni. Pasipo na sheria, bado kuna nafasi moja ambayo halmashauri inayo yenyewe, nayo ni zabuni ya kununua vifaa vipya. Huko ndiko pa kuandika kwamba muuzaji atavichukua tena baada ya muda wa matumizi na kuthibitisha vilikoishia, kwamba betri itolewe kwa bisibisi ya kawaida bila kubandua gundi, kwamba vipuri vitapatikana na masasisho ya usalama yatatolewa kwa miaka inayotajwa kwa namba. Mzabuni asiyeweza kutaja namba hiyo bei yake isomwe pamoja na gharama ya kubadilisha kompyuta zote siku programu itakapoziacha tena.