Chujio Kabla ya Pampu: Namna Viwanda Vyetu Vinavyoweza Kutenganisha Takataka na Maji

Kuanzia viwanda vya miwa vya Muhoroni na Chemelil hadi viwanda vya samaki vya Kisumu, swali ambalo wasimamizi hutuuliza mara nyingi ni chujio liwe na matundu ya milimita ngapi. Ni swali la haki, ila huja mapema mno. La kwanza ni mahali chujio litakapokaa, kwa maana kiwanda kinachopitisha maji taka kwenye pampu kabla ya kuyachuja huwa kimejiharibia kazi: magamba, mapezi na vipande vya utumbo wa sangara, ambavyo vingenaswa vikiwa vizima, husagwa na mapanga ya pampu vikawa uji, na sehemu ya uji huo huyeyuka kabisa. Kilichoyeyuka hakinaswi na wavu, hata uwe laini kiasi gani. (Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa, hauendi mtaroni, kama wakazi wa mtaa wa Obunga mjini Kisumu wajuavyo; una wateja wake.)

Kazi yenyewe hufanywa kwa hatua. Mwanzoni mwa mfereji husimamishwa nondo zenye nafasi ya sentimita kadhaa ili kuzuia mifuko, vitambaa na vijiti. Hapo mwendo wa maji una maana kuliko wengi wanavyodhani: yakipita katikati ya nondo kwa kasi inayozidi sana mita 0.9 kwa sekunde, huzisukuma takataka zikapenya. Yakienda polepole mno kwenye mfereji, mchanga hutua na kuuziba.

Hatua ya pili ni chujio laini, nalo ni la aina nyingi. Ngoma inayozunguka hujisafisha kwa maji ya kunyunyiziwa, lakini ina mota na beringi za kutunzwa. Chujio la kupinda halina kinachozunguka: ni bamba la nyaya zilizolazwa kukingama mkondo, na maji hushuka juu yake kwa uzito wake. Ukikata waya mmoja utaona una umbo la kabari, upande mpana ukielekea maji yanakotoka, hivi kwamba nafasi kati ya waya na waya huzidi kupanuka kuelekea nyuma. Chembe ikishapita mdomo haina pa kukwama. Kila waya hukata tabaka jembamba la maji yanayoteremka, na kwa sababu hiyo chujio lenye nafasi ya milimita 1 huweza kuzuia chembe za takriban nusu ya kipimo hicho. Anayenunua nafasi ndogo zaidi kwa kudhani atapata usafi zaidi mara nyingi hupata mafuta na magamba yaliyolala bapa juu ya nyaya, maji yakifurika sakafuni.

Katika viwanda vya sukari, chujio la namna hii hutenganisha maji ya miwa na chembe za makapi, ambazo hurudishwa kwenye vinu zikamuliwe tena. Adui wake ni ute. Pitisha kidole nyuma ya nyaya ambazo hazijaoshwa kwa zamu nzima, utahisi utelezi kama wa bamia. Huo ni kazi ya bakteria wanaokula sukari yenyewe, na dawa yake ni maji moto au mvuke kwa ratiba isiyorukwa.

Tusilitwike chujio mzigo usio wake. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za chembe zisizoyeyuka kwa kila lita ya maji yanayoachiliwa katika mazingira, na kwa maji ya kiwanda cha samaki wavu peke yake haufikishi hapo. Mabwawa au mitambo ya kutibu maji lazima ifuate. Hata hivyo kila kilo inayotolewa mapema ni kilo ambayo bwawa halitaimeza, na hilo si dogo kwa maji yanayoishia Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria uliounganishwa na ziwa kuu kwa mlango mwembamba tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, kilichonaswa kiondolewe upesi. Takataka zikiachwa zirundikane juu ya chujio huku maji yakizidi kuzipitia, huanza kulainika na kurudi majini kidogo kidogo. Ziingie kwenye pipa lenye matundu chini, na maji yanayovuja humo yarudishwe kwenye mfereji kabla ya chujio yachujwe tena, si kwenye mtaro wa mvua.