Risiti Tatu Zilizofuatana

Nimefanya ukaguzi wa ndani hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na kila nikiulizwa wizi wa ofisini huanzia wapi, nakumbuka risiti tatu za chakula.

Zilikuwa kwenye vocha za masurufu, yaani fedha za safari za kazi, za ofisi moja mjini, zote za hoteli moja iliyo barabara ya kwenda Busia. Moja ya Februari, nyingine ya Aprili, ya mwisho ya Juni. Nambari zake: 0417, 0418, 0419. Hoteli gani huuza chakula mara tatu tu kwa miezi mitano? Wino ulikuwa mmoja, na herufi zote zimelalia kushoto.

Karani aliyezileta alikuwa kijana, hajamaliza miaka miwili kazini. Hakukana. Safari alikwenda kweli, ila alilala na kula kwa shangazi yake. "Madam, kitabu cha risiti kiko kwenye droo ya stoo," akaniambia. "Nilionyeshwa wiki yangu ya kwanza." Hakuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu mimi.

Donald Cressey, mwanasosholojia Mmarekani, aliwahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa. Mwaka 1953 akaeleza kwamba mtu hufika hapo kwa mambo matatu: shida asiyoweza kumwambia mtu, nafasi, na maneno ya kujituliza moyo, kama vile "nakopa tu, nitarudisha". Shida ni ya mtu mwenyewe. Lakini yale maneno mara nyingi huyakuta ofisini yamekwisha kupikwa: posho ni ndogo, kila mtu hufanya, bosi anajua. Kijana huyu hakuhitaji hata kujidanganya. Alifundishwa mapema, tena kwa upole, na watu waliomkaribisha vizuri.

Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefutwa. Sikubali kwamba benki moja iliajiri wezi 5,300. Walibanwa na malengo makali ya mauzo wakatafuta njia ya kuyafikia.

Kwetu Kenya sheria ipo. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka aripoti ndani ya saa 24 akijua au kushuku hongo, na kumtisha aliyetoa taarifa ni kosa. Lakini karani hatazami sheria, hutazama yaliyompata aliyesema kabla yake. David Munyakei wa Benki Kuu alifichua Goldenberg, kashfa ya miaka ya 1990 ya fedha za serikali zilizolipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu, akapoteza kazi, akafa mwaka 2006 katika umaskini. Habari hiyo imewafunga watu wengi mdomo.

Kwa hiyo sikuishia kwa kijana yule. Niliomba faili ya mkurugenzi. Gari lake la kazi lina tangi la lita 60. Risiti zake za mafuta zilionyesha lita 85 kwa kujaza mara moja, na mhasibu alikuwa ameziidhinisha bila swali. Ripoti yangu ilianza na gari hilo, ukurasa wa kwanza kabisa, ndipo nikaingia kwenye chakula. Wenzangu wawili waliona nimekosa adabu. Ningeiandika vivyo hivyo leo.

Kitabu cha risiti nilikiambatisha kama ushahidi. Kilikuwa kimebakiza kurasa 11.