Ushamiri wa VVU gerezani: asilimia ile inasema nini?

Ukisoma kwamba ushamiri wa VVU katika gereza fulani ni asilimia 7, maana yake ni kwamba kwa kila watu 100 waliopimwa, 7 walikutwa na virusi. Basi. Yumo aliyeambukizwa miaka mingi iliyopita akiwa uraiani, na yumo aliyeambukizwa juzijuzi akiwa selo. Asilimia hiyo haiwatenganishi. Kuwajua walioambukizwa ndani ya kipindi fulani ni kipimo kingine, nacho huitwa maambukizi mapya.

Vipimo hivi vikichanganywa, mfungwa ndiye anayeumia, kwa sababu watu huhitimisha kwamba kila mwenye virusi gerezani aliviokota humohumo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa kati ya watu milioni 10.2 waliokuwa wamefungwa duniani, asilimia 3.8 walikuwa na VVU, mara kadhaa ya wastani wa watu wazima wote. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huanzia nje ya lango: wanaokamatwa kwa wingi ni wanaojidunga dawa za kulevya, wanaofanya biashara ya ngono na maskini, walewale ambao VVU vimewaelemea tangu awali.

Hata hivyo, gereza nalo huambukiza. Mwaka 1993 katika gereza la Glenochil, Scotland, wafungwa 162 walipimwa na 12 wakakutwa na virusi. Wote 12 walikuwa wamejidunga wakiwa mlemle gerezani, ambako sindano ni adimu na hupita mkono hadi mkono. Watafiti walilinganisha tarehe ya kila mmoja kuingia gerezani na majibu ya vipimo vyake vilivyofuatana, wakathibitisha kwamba angalau 8 waliambukizwa humo ndani. Bila tarehe hizo wangebaki na ile asilimia 7 tu.

Vihatarishi vingine vya ndani ni kuchangia nyembe, kuchorana tatoo kwa vifaa visivyo safi, na ngono bila kondomu, ya hiari au ya kulazimishwa. Kwenye selo iliyojaa hadi watu wanalala ubavu, mnyonge hana pa kukimbilia. Afrika Kusini hugawa kondomu magerezani. Tanzania na Kenya, ambako ngono kati ya wanaume ni kosa la jinai, kuzigawa huonekana ni kuhalalisha kosa, na virusi havingoji mjadala huo uishe.

Kihatarishi kinachosahaulika zaidi ni kukatika kwa dawa. Mtu anakamatwa usiku, vidonge vyake vya ARV vimebaki nyumbani. Anaogopa kumwambia askari mbele ya mahabusu wenzake, siku zinapita, virusi vilivyokuwa vimefubazwa vinaamka. Alipokuwa akimeza dawa vizuri na virusi havionekani kwenye kipimo, hakuweza kumwambukiza mtu kwa kujamiiana, sasa anaweza. Hali hujirudia akihamishiwa gereza jingine, na tena akiachiwa bila barua ya rufaa ya kumpeleka kliniki ya karibu na kwao. Kanuni ya 24 ya Kanuni za Mandela, yaani viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inataka huduma ya afya gerezani ilingane na ya uraiani na matibabu ya VVU na kifua kikuu yasikatike, pamoja na ya uraibu wa dawa za kulevya.