Obama kabla ya Ikulu: yanayosemwa kuhusu kura zake Illinois na ukweli wenyewe

Jina la Obama kwetu halijaisha utamu, uwe Kogelo, Mombasa ama Kariakoo, ukilitaja tu kila mtu ana hadithi yake. Mi sina neno na hadithi, kinachoniuma ni kwamba ile sehemu ya maisha yake yenye mafunzo mengi zaidi ndo watu wameivuruga kabisa. Nazungumzia ile miaka karibu 8, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois. Huko alipiga kura kama 4,000 hivi, na kura ikishapigwa inaandikwa kwa jina la mtu, haifutiki eti kwa sababu tunampenda au tunamchukia.

"Alikuwa seneta, kwa hiyo alikuwa Washington"

Hapana, na hapa ndo mkorogo wote unapoanzia. Marekani kila jimbo lina bunge lake. La Illinois liko Springfield, mji wa kawaida tu, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago alikokuwa anaishi, na lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Mtanzania afikirie Baraza la Wawakilishi la Zanzibar na Bunge la Dodoma, zote ni nyumba za kutunga sheria lakini kila moja ina mambo yake. Mkenya atasema basi ni kama MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ila tofauti ni kubwa kwa sababu bunge la jimbo kule linatunga sheria za jinai, shule, polisi, kodi ya jimbo, mpaka suala la adhabu ya kifo. Seneti ya Washington aliingia Januari 2005. Hata ile hotuba ya Boston ya Julai 2004, kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic, iliyomfanya ajulikane dunia nzima, siku ile alikuwa bado mtu wa Springfield.

Sasa mtu akishachanganya hizo Seneti mbili utamsikia anasema "Obama alipiga kura kupinga vita ya Iraq". Alipinga kweli, tena hadharani, tarehe 2 Oktoba 2002 alisimama kwenye mkutano katikati ya Chicago akasema hiyo ni vita ya kijinga, wakati ambao wanasiasa wengi walikuwa wanaogopa kufungua mdomo. Lakini kura hakuwa nayo. Waliopiga kura ni wabunge wa Washington na yeye hakuwa mmoja wao. Kusema hivyo hakumpunguzii kitu.

"Alizaliwa Kenya"

Alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na magazeti ya huko yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi huohuo. Mkenya ni baba yake. Tuendelee.

"Kiti cha kwanza alipewa mkononi"

Hii inasemwa kwa namna mbili, wengine wanasema alirithishwa, wengine wanasema aliiba, na ukweli uko katikati na una uzito wake. Aliyekuwa na kiti hicho cha wilaya ya 13, upande wa kusini mwa Chicago, ni mama mmoja anaitwa Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kugombea ubunge wa Washington, akamuunga mkono Obama achukue nafasi yake. Kumbuka Obama hakuwa mtoto wa pale. Alifika Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuhamasisha wakazi kwenye mitaa ya watu wenye kipato cha chini, akaenda kusoma sheria Harvard, akarudi, mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura, halafu akawa wakili na mwalimu wa sheria za katiba Chuo Kikuu cha Chicago. Basi Palmer akashindwa kule, akataka kiti chake arudi nacho. Obama akakataa kumwachia.

Ili jina liingie kwenye karatasi ya kura ya mchujo, yaani ule uchaguzi wa chama kupata mgombea wake, ilibidi uwe na sahihi zisizopungua 757 za wapiga kura halali wa wilaya ile. Palmer alikusanya zake harakaharaka. Watu wa Obama wakaenda kwenye ofisi za uchaguzi wakakaa na yale makaratasi, sahihi moja baada ya nyingine, huyu jina limeandikwa kwa herufi kubwa badala ya sahihi, huyu haishi wilaya hii, huyu hajaandikishwa. Mwisho wa siku wapinzani wote wanne wakatoka kwenye karatasi ya kura, akiwemo Palmer, na Obama akaingia mchujo wa 1996 peke yake. Ni halali kabisa kisheria. Lakini mtu aliyekuwa anaandikisha watu wapige kura, safari yake ya kwanza akashinda mchujo kwa wapiga kura kukosa mtu mwingine wa kumchagua, mi naona hilo lazima lisemwe, hata kama unampenda vipi.

Na wanaodhani siku zote alikuwa anashinda tu, mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwa anakishikilia kiti, kwenye mchujo wa ubunge wa Washington akapigwa vibaya, Rush alipata kama mara mbili ya kura zake. Katikati ya kampeni hiyo, mwishoni mwa 1999, kulikuwa na kura nzito Springfield ya sheria ya bunduki, Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto akaugua, hakurudi kwa wakati. Muswada ukakwama kwa kura chache na magazeti ya Chicago yakamkaanga.

"Alipiga kura ya 'nipo' mara 129, maana yake mwoga"

Hapa tukae kidogo maana hii ndo maarufu kuliko zote, iliibuliwa kwenye kampeni ya 2008 na mpaka leo inarudi.

Namba ni ya kweli, 129. Kinachokosewa ni maana yake. Kule Springfield kila seneta ana vitufe mezani kwake, cha kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana, cha njano ni "nipo". Sisi tumezoea spika akiuliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, sauti zinapaa, walioafiki wameshinda, hujui nani kasema nini. Kule kila kitufe kinabaki na jina lako. Na kanuni ya Seneti ya Illinois ni kwamba muswada haupiti kwa wingi wa waliopiga kura siku hiyo, unahitaji ndiyo 30, zaidi ya nusu ya wote 59. Kwa hiyo ukibonyeza njano hujauongezea muswada chochote, matokeo yake ni yaleyale ya hapana. Watu wa vyama vyote walikuwa wanaitumia, mara nyingine kwa kukubaliana kama kundi, mfano kwenye miswada ya utoaji mimba ambapo watetezi wa haki hiyo waliwaomba maseneta wabonyeze njano kwa pamoja ili wale wa wilaya ngumu wasibaki wamesimama peke yao.

Ila pia si kila njano ilikuwa mkakati wa kundi. Mwaka 1999 ulikuja muswada wa kuwaruhusu waathirika wa makosa ya ngono kuomba majalada ya kesi zao yafungwe, ukapita bila kura ya hapana, na njano ilikuwa moja, ya Obama. Hoja yake ilikuwa ya katiba, kwamba kesi za mahakamani ni za wazi. Unaweza kukubali au kukataa, mi naona kumwachia mtu aliyeumizwa haki ya kuficha jalada lake ni jambo la ubinadamu, lakini kubonyeza njano peke yako mbele ya watu zaidi ya 50 waliobonyeza kijani sidhani kama ni kazi ya mwoga.

Pale ninapoona alistahili kubanwa kweli ni muswada alioupinga, wa kuwalinda watoto wanaozaliwa hai baada ya jaribio la kutoa mimba. Wanaosema alitaka watoto wafe wanazusha, alikuwa anasema sheria ya Illinois ya tangu 1975 tayari inamlazimisha daktari kumhudumia mtoto anayeweza kuishi. Lakini alidai pia kwamba alipinga kwa sababu muswada ule haukuwa na kifungu cha kinga, cha kuhakikisha haki ya kutoa mimba haiguswi, kama cha sheria ya Washington, na kumbukumbu zinaonyesha mwaka 2003 kamati aliyoiongoza yeye mwenyewe ilikiongeza kifungu hicho halafu ikaukataa muswada hivyohivyo. Maelezo yake hapo hayakukaa sawa na rekodi.

"Miaka 8 hakufanya kitu"

Miaka 6 ya mwanzo chama cha Republican ndo kilishika Seneti, mtu wa Democratic miswada yake ilikuwa inafia kwenye kamati. Hata hivyo mwaka 1998 walipitisha na Kirk Dillard wa Republican sheria ya kubana zawadi kwa wanasiasa. Januari 2003 Democratic wakachukua Seneti, mambo yakafunguka.

Kubwa kuliko yote kwangu ni ile ya kurekodi mahojiano ya polisi. Illinois ilikuwa na aibu nzito, tangu 1977 ilikuwa imeua wafungwa 12 na kuwaachia 13 waliohukumiwa kifo kimakosa, ndo gavana George Ryan akasimamisha utekelezaji wa adhabu ya kifo Januari 2000. Baadhi ya hukumu za aina hiyo zilitokana na watu kukiri baada ya kupigwa. Obama akaleta muswada kwamba mshukiwa wa mauaji akihojiwa kituoni, mashine iwe inarekodi tangu mwanzo. Polisi na waendesha mashtaka hawakutaka, gavana mpya alikuwa na wasiwasi, yeye akawafuata mmoja mmoja, wakabishana, wakarekebisha vipengele, mwisho ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka hilo kwa sheria ya bunge, na mpaka leo mtu akiingizwa kwenye chumba kile kwa kesi ya mauaji, kinachotokea humo kinarekodiwa, awe na wakili ghali au hana hata nauli.