"Tunamrudisha Majini, Kuna Ubaya Gani?": Dhana Potofu Kuhusu Kuvua Besi kwa Mtumbwi Katika Ziwa Opeongo

Kila mwaka barafu inapokwisha katika Ziwa Opeongo na maji yanapoanza kupata joto, wateja ninaowaongoza kwa mtumbwi kuvua besi (samaki wa maji yasiyo na chumvi, kwa Kiingereza bass) katika Hifadhi ya Algonquin, jimbo la Ontario nchini Kanada, huniambia sentensi ileile: "Samaki tunamrudisha majini, kwa hiyo hakuna aliyeumia." Huisema mzaliwa wa Toronto, na huisema ndugu yetu kutoka Mombasa au Bukavu aliyeupenda uvuvi huu baada ya kuhamia huku. Nimechoka kuijibu nikiwa nimeshika kafi mkononi na upepo unatusukuma kwenye mawe, kwa hiyo naijibu hapa kwa urefu unaostahili, na dhana nyingine nitazipitia kwa kifupi.

Kumrudisha samaki majini ni jambo jema kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa dume wa besi mdomo mdogo (smallmouth bass), ambaye ndiye besi tunayemvua hapa, aliye kiotani, jambo hilo halitoshi hata kidogo. Samaki huyu hutaga maji yanapofikia nyuzi 15 hivi za Selsiasi au kuzidi kidogo, na katika ziwa hili hali hiyo huja kati ya mwisho wa Mei na Juni. Dume ndiye anayejenga kiota. Huchagua mahali penye changarawe, mara nyingi kando ya jabali au gogo lililozama, kwenye kina cha mita moja au mbili, kisha hupangusa tope kwa mkia mpaka libaki duara la mawe safi ambalo mtu aliyeketi omoni huliona waziwazi maji yakiwa matulivu. Jike hutaga na kwenda zake. Kuanzia hapo dume hubaki peke yake, akiyapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasifunikwe na tope, na akimfukuza kila anayekaribia. Mayai yakianguliwa, vifaranga hukaa kwanza ndani ya changarawe, halafu huinuka wakiwa wingu jeusi juu ya kiota, na baba yao huendelea kuwalinda kwa wiki kadhaa. Katika muda wote huo hali chakula cha maana. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kabla ya msimu.

Mvuvi akirusha chambo bandia juu ya duara hilo, dume hukivamia papo hapo, na mteja hugeuka kuniambia kwa furaha kwamba leo samaki wana njaa. Njaa haimo kabisa katika jambo hili. Dume anamwondoa mvamizi, na ndiyo maana samaki huyohuyo huweza kunaswa asubuhi, akarudishwa, akanaswa tena mchana na mtumbwi mwingine. Anayetaka ushahidi na ayaondoe macho yake kwenye ncha ya ufito wa kuvulia na kuyaelekeza kiotani. Samaki wake hajafika hata ubavuni mwa mtumbwi, vijisamaki vilivyokuwa vikizungukazunguka kwa mbali vimekwisha kuingia kwenye duara na vinadonoa. Halafu inapigwa picha, kisha ya pili kwa sababu katika ile ya kwanza kofia ilifunika uso, na muda wote huo vijisamaki vinakula. Dume aliyepiganishwa kwa muda mrefu na kushikiliwa nje ya maji hukawia kurudi kazini, na akikuta mayai yaliyobaki ni machache, huenda akakitelekeza kiota kizima. Mteja aliyemwachia taratibu na kumtazama akizama hajui kwamba alichokiua hakikuwamo mikononi mwake.

Wapo wanaonijibu kwamba dume atajenga kiota kingine na kutagiwa tena. Hata ikitokea hivyo, kalenda haimsaidii. Majira ya joto ya huku ni mafupi, na kifaranga hana budi kufikia ukubwa wa kutosha kabla ziwa halijaganda, kwa sababu miezi yote ya barafu karibu hali kitu na aliye mdogo mno huishiwa na akiba ya mafuta kabla ya masika, yaani majira ya barafu kuyeyuka. Kiota cha mapema ndicho chenye matumaini makubwa zaidi, na madume makubwa ndiyo yanayotangulia kujenga. Kwa maneno mengine, mvuvi anayekimbilia ziwani mapema ili apate samaki mkubwa wa picha huwa anakwenda moja kwa moja kwenye viota vyenye thamani kuliko vyote. Watafiti wa ziwa hilihili, katika Maabara ya Harkness ya utafiti wa samaki iliyoanzishwa miaka ya 1930, wakiwemo kina Mark Ridgway, waliwatia alama madume na kubaini kwamba wengi wao hurudi kujenga karibu sana na mahali pao pa mwaka uliotangulia. Mwamba unaosifiwa kwamba "haukosi samaki" huenda ni makao ya dume mmoja anayesumbuliwa mwaka baada ya mwaka.

Sheria ya Ontario imelizingatia jambo hili. Msimu wa besi katika eneo letu hufunguliwa kuelekea mwisho wa Juni, na kabla ya hapo hairuhusiwi kumlenga samaki huyu hata kwa nia ya kumrudisha. Mteja anayedai kwamba anatafuta trauti (trout, samaki mwingine wa maziwa haya) huku akirusha chambo juu ya duara la changarawe kwenye kina cha mita moja hanidanganyi mimi, wala hatamdanganya askari wa wanyamapori. Masika yakichelewa, madume huwa bado wanalinda hata baada ya msimu kufunguliwa, na hapo sheria haisemi kitu. Kwa hiyo mimi nina sheria yangu: nikiliona duara, mtumbwi unageuzwa, na asiyeridhika aniambie tukiwa gatini kabla hatujaondoka.

Mara mojamoja hutokea mteja aliyesoma, akaniambia kwamba besi si mwenyeji wa Algonquin, kwa hiyo kukiharibu kiota chake ni kuisaidia hifadhi. Nusu ya kwanza ya hoja yake ni sahihi. Wenyeji wa asili wa maziwa mengi ya hapa ni trauti. Besi alipandikizwa kwenye maziwa ya hifadhi mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuwavutia wavuvi waliokuja kwa reli, na Opeongo ilimpata miaka ya 1920. Imethibitishwa pia kwamba katika baadhi ya maziwa ya Ontario besi huwamaliza samaki wadogo wa kando ya ufuko ambao trauti wa ziwa aliwategemea. Lakini mtu huyohuyo amenilipa ili nimtafutie besi, na anakusudia kurudi na watoto wake kuvua besi haohao. Kupunguza samaki wa kuletwa ni kazi ya kupangwa na kupimwa, ziwa kwa ziwa, na haifanywi na mtu anayepiga picha. Kama kweli anawaonea uchungu trauti, asihamishe samaki yeyote kutoka ziwa moja kwenda jingine, na asiingie hifadhini na vijisamaki hai vya chambo, jambo ambalo kwa vyovyote vile limepigwa marufuku.

Dhana ya pili ni kwamba besi ni besi tu. Dhana hii huletwa na Wakenya waliowahi kuvua Ziwa Naivasha, ambako besi mdomo mkubwa aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Huyo hupenda majani na maji ya uvuguvugu, na taya lake hupita nyuma ya jicho. Wa kwetu taya lake huishia usawa wa jicho, na makao yake ni mawe, kwa kuwa chakula akipendacho ni kamba wa maji baridi wanaojificha chini ya mawe hayo. Kurusha chambo kwenye majani kwa saa mbili ni kujichosha bure. Ndugu wa dhana hiyo ni ile isemayo kwamba samaki wakubwa wako katikati ya ziwa, na wanaoiamini hupiga kafi kwa nguvu na kuwapita samaki wote walio kando ya miamba. Walio kilindini wakati wa joto ni trauti.

Kuhusu kula, wengi huamini kwamba ziwa la nyikani halina sumu. Zebaki husafiri hewani kutoka mbali, hushuka na mvua na theluji, na hujikusanya mwilini mwa samaki kadiri anavyozeeka na kula samaki wenziwe. Besi wa sentimita 40 katika maji haya ya baridi huenda ana miaka 10 au zaidi. Ukitaka kula, chukua wadogo, uwaache wazee waendelee kutaga. Wajawazito na watoto wafuate mwongozo wa jimbo wa kula samaki, ambao umetaja ziwa kwa ziwa.

Minyoo ya chambo iliyobaki isimwagwe msituni kwa imani kwamba inarutubisha udongo. Misitu hii iliota baada ya barafu kuu kuondoka, na minyoo ya ardhini iliyopo sasa imeletwa na binadamu. Huyala majani makavu ambayo miche na mimea ya chini huyategemea. Irudi nyumbani kwenye kopo lake, itupwe na taka.

Imebaki ya mtumbwi wenyewe. Watu wa pwani huniambia kwamba wao wamezaliwa baharini na hawahitaji jaketi okozi. Maji ya Mei huku yametoka kwenye barafu juzi. Mtu akitumbukia, pumzi humruka bila hiari yake katika dakika ile ya kwanza, na ndani ya dakika kumi hivi vidole haviwezi tena kushika kamba, awe bingwa wa kuogelea au asiwe. Sheria inataka kila abiria awe na jaketi chomboni; mimi nataka liwe mwilini, limefungwa.

Nanga nayo hufungwa omoni au tezi, kamwe si ubavuni, kwa sababu Opeongo ni pana, upepo wa mchana huinua mawimbi kwa haraka, na mtumbwi ulioshikwa kwa ubavu hujaa maji kabla mvuvi hajamaliza kukunja mshipi wake. Wala hakuna haja ya kubeba nanga ya chuma mahali ambapo mtumbwi na mizigo hubebwa begani kutoka ziwa hadi ziwa. Chukua mfuko wa wavu wa kutilia vitunguu, ujaze mawe ukifika ufukoni, ufunge kwa kamba ya mita 15, na ukiondoka uyaache mawe palepale ulipoyaokota.