Pedali ya gitaa inatumia volti 9 tu, kwa nini basi nyuzi zinang'ata?

Wapiga gitaa wa kwaya za Dodoma wengi wanaijua hali hii: umeshika nyuzi, unasogea kwenye maiki uitikie, mara mdomo unachomwa. Ukilalamika utaambiwa ni kawaida, vaa viatu vya mpira. Ajabu yake ni kwamba pedali zilizo miguuni pako, vile visanduku vya kubadili sauti ya gitaa, zinahitaji volti 9 za umeme wa DC, sawa na zile za betri ndogo ya mstatili, ambazo ukizigusa kwa kidole kikavu husikii lolote. Kinachong'ata kinatoka wapi?

Kinatoka ukutani. Soketi zetu hutoa volti 230, na adapta inayolisha pedali ina kazi mbili: kuushusha umeme huo na kuutenga na wewe. Kazi ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayogharimu pesa.

Ndani ya adapta nyepesi za siku hizi, umeme wa soketi hugeuzwa kwanza kuwa DC ya volti karibu 325, ambazo ndizo kilele cha wimbi la volti 230. Kisha swichi ya kielektroniki huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili upite kwenye transfoma ndogo sana. Transfoma hiyo ina koili mbili zisizogusana, na nishati huvuka kwa usumaku. Upande mmoja kuna umeme unaoua, upande wa pili zile volti 9. Sasa fuata njia yake: mguu hasi wa adapta umeungwa na bati la pedali, bati limeungwa na ganda la jeki, ganda na waya wa nje wa kebo, na waya huo unaishia kwenye briji ya gitaa, ambako nyuzi zote sita zimefungwa. Ukishika nyuzi, umeshika adapta.

Na pande hizo mbili hazijatengana kabisa. Ule ukatakataji huzaa kelele za umeme, na ili kuzituliza, mtengenezaji huweka kapasita ndogo inayounganisha upande hatari na upande salama. Kapasita hiyo hupitisha mkondo mdogo sana, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho bila kupasuka. Kwa adapta zisizo na waya wa ethi, kiwango cha kimataifa kilichozoeleka huruhusu hadi miliampia 0.25. Watu wengi huanza kuhisi umeme mkononi kwenye miliampia 0.5 hadi 1, ila mdomo ulio na unyevu huhisi mapema zaidi. Tena ukichomeka adapta nne za namna hiyo kwa pedali nne, mikondo yao inaongezeana.

Mwasho huo peke yake hauui. Kinachotisha ni kwamba kapasita ileile ikiharibika, volti 230 hupita palepale. Kwa sababu hiyo kapasita ya mahali hapo inatakiwa kuwa ya daraja la Y1, iliyoundwa ili ikifa ikate njia, isiiunge. Adapta nyingi za bei ya kutupa zinapofunguliwa hukutwa na kapasita ya kawaida inayofanana nayo kwa umbo na haina sifa hiyo. Waya wa koili, ambao kwenye adapta nzuri huwa na tabaka tatu za plastiki, humo huwa umepakwa vanishi tu na kuzungushiwa utepe wa njano. Nafasi kati ya pande mbili kwenye bodi inatakiwa kuwa kama milimita 6. Humo risasi ya kulehemu iliyomwagika huibakiza milimita moja au mbili. Fyuzi mara nyingine haipo kabisa. Juu ya ganda, hata hivyo, utakuta herufi CE, alama ya kukidhi masharti ya Ulaya, na ule mraba ndani ya mraba unaodai kwamba adapta ina utenganisho maradufu. Alama hizo mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuziweka.

Kuna wanaojibu kwamba amplifaya ina ethi, kwa hiyo hitilafu yoyote itapita kwenye kebo hadi ardhini na fyuzi itakatika. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini hii ni Dodoma. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na miezi inayobaki ardhi hukauka hadi chini. Udongo hupitisha umeme kwa sababu ya maji na chumvi zilizomo, kwa hiyo chuma cha ethi kilichopigwa karibu na ukuta mwezi Machi huenda kikawa kitu kingine kabisa ikifika Oktoba. Piga hesabu: chuma chenye ukinzani wa omu 10 kikipata volti 230 kitapitisha ampia 23, zaidi ya kikomo cha fyuzi ya ampia 13 ya kwenye plagi, ambayo huenda ikakatika baada ya muda. Ukinzani ukipanda hadi omu 100, ni ampia 2.3 tu zinazopita. Fyuzi haitashtuka, na amplifaya, pedali na gitaa vyote vitabaki na karibu volti 230 huku vikiendelea kutoa muziki. Mafundi wa zamani waliokuwa wakizungushia chumvi na mkaa, kisha kumwagia maji mahali chuma kilipozikwa, hawakuwa wakifanya ushirikina.

Hali huwa mbaya zaidi kwenye mikutano ya nje na harusi za uwanjani, pale amplifaya ya gitaa inapochukua umeme wa ekstensheni kutoka jengo moja na miksa inachukua kwa jenereta. Hapo gitaa lina ethi yake na maiki ina yake, na kiunganishi kati yake ni mwili wa mwimbaji, kutoka kiganjani hadi mdomoni, kupitia kifua. Mkondo wa miliampia 10 hadi 20 unatosha kuukaza mkono usiweze kuachia, na mkono wa mpiga gitaa tayari umezunguka shingo ya chombo. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maiki ambayo haikuwa na ethi sahihi. Pedali hazikuhusika, ila njia ya umeme mwilini ilikuwa hii hii.

Na hapa kuna tabia moja inayoniudhi: kukata waya wa ethi wa amplifaya ili muungurumo uishe. Muungurumo huisha kweli, pamoja na kinga pekee uliyokuwa nayo. Ile ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie nayo ni ndugu yake.

Je, testa au multimita itakuambia lolote? Ukipima volti kati ya nyuzi na ethi unaweza kusoma 100 na ushee hata kwa adapta nzima kabisa, kwa sababu ule mkondo mdogo hauna pa kwenda. Fundi anayejua huweka rezista ya omu 2,000 kati ya ncha mbili za kipimo, badala ya mwili wa mtu. Kipimo kikisoma volti 0.5, mkondo ni miliampia 0.25, kile kiwango kinachoruhusiwa. Kikiendelea kusoma makumi ya volti, chomoa.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, mimi ningeanza na breka ya RCD ya miliampia 30 kabla ya adapta ya kifahari. Hiyo haisubiri ampia nyingi kama fyuzi. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ikiona umepotea kidogo hukata papo hapo, hata ethi ikiwa dhaifu. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, na kile kitufe chake cha kujaribia kibonyezwe kabla ya ibada. Kisha amplifaya na miksa vichukue umeme sehemu moja.

Adapta ya ruta au ya king'amuzi iacheni. Pedali nyingi zinataka hasi katikati ya pini, zile huwa na chanya, na za ving'amuzi nyingi ni volti 12; hapo utaua pedali kabla hata hujafikiria usalama wako. Mwenye pedali mbili tatu za distoshen, zinazokula miliampia chache tu kila moja, betri ya volti 9 inamtosha mazoezi mengi. Pedali za kidijitali za mwangwi hula makumi ya miliampia, nyingine 100 na zaidi, na kwa hizo kuna nyaya zinazopandisha volti 5 za pawabenki kuwa 9. Pawabenki isichajiwe wakati wa kupiga, maana ikichomekwa ukutani tumerudi kwenye adapta.