Dawa za presha zinazopitia ubongoni si dawa za mawazo

Zipo dawa za presha zinazofanyia kazi ubongoni, na zikitajwa hakosekani wa kusema, "Kumbe ni za kutuliza mawazo." Sizo. Zinagusa shina la ubongo, pale chini linapoungana na uti wa mgongo, na kupunguza amri zinazotoka hapo kupitia neva za simpathetiki, zile zinazoharakisha moyo na kukaza mishipa, kwenda kwenye moyo, mishipa na figo. Amri zikipungua, mishipa hulegea na presha hushuka. Zinazojulikana zaidi ni methildopa, ambayo wengi wanaiita Aldomet, na klonidini. Dawa nyingi nyingine, kama amlodipini, hazipitii huko. Hiyo hulegeza mshipa wenyewe.

Wa kulaumiwa kwanza ni neno. "Presha" tuliikopa ikiwa imebeba maana mbili: ile inayopimwa kwa mashine mkononi, na ile ya "usinipe presha". Kiswahili sanifu nacho hakikutuokoa. Kushinikiza ni kubana kwa nguvu, kama anayekamua mbegu za mafuta, lakini siku hizi hata serikali hushinikizwa, basi "shinikizo la damu" likaanza kunuka kero. Haipatensheni ya hospitalini ndiyo imeponzwa kabisa na "tensheni" ya mtaani, ilhali asili yake katika Kilatini ni kuvuta kitu mpaka kikaze. Kinachokaza hapa ni ukuta wa mshipa. Mtu anaweza kuwa na roho tulivu, anacheka na nesi, na mashine ikasoma 180 kwa 110.

La pili ni kudhani ubongo na akili ni kitu kimoja. Shina la ubongo halina habari na ada ya shule. Kazi yake hapa ni kupokea taarifa za mkazo wa damu kutoka mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani, kisha kuongeza au kupunguza amri, hata ukiwa usingizini. Mfumo huo una breki zake, vipokezi vinavyoitwa alfa-2. Klonidini huzikanyaga moja kwa moja. (Ilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuzibua pua, kushusha presha kuligunduliwa kwa bahati.) Methildopa huzunguka: sharti iingie ubongoni, igeuzwe kuwa kemikali nyingine, ndipo breki zikamatwe. Ndiyo maana dozi moja huchukua kama saa 4 hadi 6 kufikia nguvu yake, na anayeongeza kidonge baada ya saa moja kwa sababu mashine haijashuka anajirundikia dozi bure.

"Mbona zinaleta usingizi?" Kwa sababu vipokezi hivyohivyo viko pia kwenye sehemu za ubongo zinazotuweka macho. Usingizi ni athari ya pembeni, huwa mkali zaidi siku za mwanzo au dozi inapopandishwa, na sio unaotibu presha. Tena methildopa inaweza kumtia mtu huzuni nzito. Ndiyo sababu mama aliyeitumia akiwa mjamzito hushauriwa abadilishiwe dawa ndani ya siku mbili hivi baada ya kujifungua. Dawa ya mawazo gani hiyo inayoleta mawazo?

Kosa hili lina gharama. Anayeamini klonidini ni ya mawazo ataiacha siku akijisikia ametulia. Breki zikiachiwa ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa, pamoja na jasho, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Huachwa kwa kupunguza kidogokidogo, daktari akijua. Akiwa anatumia pia atenololi au propranololi, dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, hiyo ndiyo hutangulia kupunguzwa na kuachwa, siku kadhaa kabla ya klonidini.

Kwa hiyo mama mjamzito akirudi kutoka kliniki na methildopa ya miligramu 250, mara mbili au tatu kwa siku, tafadhali usimwambie kapewa dawa ya mawazo. Muulize kama vidonge vya kuongeza damu anavimeza saa tofauti, vikiachana angalau saa mbili, maana madini ya chuma hushikana na methildopa tumboni na nyingi ikapotea kabla ya kufika kwenye damu.